Mvua ya Miaka Mia Moja ni Uamuzi wa Kisiasa

Kila mafuriko yanapopita katika miji yetu, matope huzolewa, maiti huzikwa, na viongozi husimama mbele ya kamera kutamka sentensi ile ile: "Mvua hii haijapata kutokea." Sentensi hiyo hupokelewa kama maelezo, ilhali kazi yake halisi ni kufunga mjadala. Kama mvua haijapata kutokea, basi hakuna aliyeweza kuitarajia. Kama hakuna aliyeweza kuitarajia, basi hakuna wa kuulizwa. Anabaki Mwenyezi Mungu peke yake, naye haitwi mbele ya kamati ya Bunge.

Desemba 2011 Jiji la Dar es Salaam lilipatwa na mafuriko ambayo wakazi wake hawajayasahau. Katika siku moja kipimamvua cha uwanja wa ndege kilipokea karibu milimita 156, na wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba mvua ya kiasi hicho haikuwa imeonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, maelfu wakakosa makazi, na serikali ikagawa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, kwa waliohamishwa kutoka mabondeni. Tangu hapo bonde la Msimbazi limefurika tena na tena, na kila mara sentensi ile imerudi.

Msomaji makini atakuwa ameona jambo katika maelezo hayo ya wataalamu. "Tangu mwaka 1954" maana yake ni kwamba ilipata kutokea. Lilikuwapo tukio, lilikuwapo daftari lililoandikwa, na kati ya matukio hayo mawili ilipita miaka 57, muda ambao mtoto huzaliwa, husoma, huajiriwa na kukaribia kustaafu. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: katika miaka hiyo 57, nani alikaa chini na kukadiria lini mvua kama ile ingerudi, ingekuwa kubwa kiasi gani, na mitaro yetu ingeipokeaje? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mvua hushuka kutoka mawinguni, lakini kiasi cha mvua ambacho taifa linajiandaa kukikabili huamuliwa ofisini, na watu, kwa niaba ya watu wengine ambao aghalabu hawaulizwi. Uamuzi huo ni wa kisiasa hata pale unapovikwa joho la hesabu.

Tuanze na lugha yenyewe, kwa sababu upotoshaji mwingi huanzia hapo. Wahandisi husema "mvua ya miaka mia moja". Raia anayesikia maneno haya huelewa kwamba mvua hiyo huja mara moja kila karne, na kwamba ikishakuja mwaka huu, yeye na wanawe wamesalimika. Mtumishi wa halmashauri naye huelewa hivyo hivyo, na pengine hupanga bajeti yake kwa uelewa huo. Maana halisi ni tofauti kabisa. Mvua ya miaka mia moja ni kile kiasi cha mvua ya siku moja ambacho, katika mwaka wowote, kina uwezekano wa asilimia 1 kufikiwa au kupitwa. Mvua haina kumbukumbu ya kalenda. Inaweza kuja miaka miwili mfululizo, na inaweza kukawia miaka mia mbili.

Nikifundisha somo hili huwauliza wanafunzi swali moja: nyumba imejengwa mahali ambapo mvua ya miaka mia moja huifikia, mwenye nyumba atakaa humo miaka 30, kuna uwezekano gani kwamba maji yataingia ndani angalau mara moja? Wengi hujibu asilimia 1, wachache asilimia 30. Jibu ni asilimia 26, yaani zaidi ya nafasi moja kati ya nne. Kwa kalvati lililosanifiwa kwa mvua ya miaka kumi, uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka kumi ni asilimia 65. Kwa hiyo kalvati la aina hiyo likizidiwa kabla ya mwaka wake wa kumi, hakuna muujiza uliotokea. Limefanya kile ambacho hesabu ilisema lingefanya. Aliyelichagua alijua, au alipaswa kujua.

Sasa tutazame namba hizi hupatikanaje. Kituo cha kupimia mvua hurekodi kiasi cha maji kila siku. Mtaalamu huchukua siku yenye mvua kubwa kuliko zote katika kila mwaka, kisha huzipanga siku hizo na kuchora mchirizo unaoonyesha jinsi mvua kubwa zinavyozidi kuwa adimu kadiri zinavyoongezeka. Tatizo ni kwamba tunataka kujua habari za miaka mia moja, ilhali daftari la kituo mara nyingi lina miaka 30 au 40, na baadhi ya kurasa zimepotea. Tunalazimika kurefusha mchirizo kupita mahali ambapo ushahidi wetu unakoma. Hapo ndipo sayansi inapohitaji unyenyekevu.

Nitoe mfano wa kubuni ili msomaji aone uzito wa jambo hili. Tuseme kituo kina rekodi za miaka 30. Wastani wa mvua kubwa ya siku moja kwa mwaka ni milimita 70, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi miaka inavyotofautiana, ni milimita 20. Kwa kanuni inayotumiwa sana na wahandisi, makadirio ya mvua ya miaka mia moja yatakuwa milimita 133. Namba hiyo huingia katika michoro, huidhinishwa kwa muhuri, na mtaro hujengwa. Mwaka unaofuata inanyesha mvua ya milimita 150. Kwa mchirizo wa mwaka jana, mvua hiyo ingestahili kuitwa mvua ya miaka 300, na kiongozi atasema kweli mbele ya kamera akisema ni ya ajabu. Lakini tuiingize mvua hiyo katika daftari na kurudia hesabu kwa miaka 31. Makadirio ya mvua ya miaka mia moja yanapanda hadi milimita 149, na ile mvua ya ajabu sasa ni mvua ya miaka 105 hivi. Siku moja imebadilisha kila kitu. Mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni ujuzi wetu, ambao ulikuwa mdogo kuliko tulivyodai.

Kuna jambo zito zaidi katika mfano huu. Mtaalamu mwaminifu, kabla ya mvua hiyo kunyesha, asingeandika milimita 133 peke yake. Angeandika pia kwamba kwa rekodi fupi kama ile, thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya milimita 105 na 161 hivi. Milimita 150 zimo ndani ya mipaka hiyo. Maana yake ni kwamba ile mvua "isiyopata kutokea" ilikuwa tayari imo katika ripoti, laiti ripoti ingeandikwa yote. Mara nyingi tunachokiita bahati mbaya ni mstari mmoja uliofutwa katika ripoti kwa sababu mkubwa alitaka namba moja, tena ndogo, ili mradi uonekane nafuu.

Je, tufanye nini na rekodi fupi? Wataalamu wa dunia wamekwisha kupata njia ya busara: pale muda unapopungua, tumia eneo. Badala ya kukitegemea kituo kimoja chenye miaka 30, unakusanya vituo 15 vya ukanda mmoja wenye tabia moja ya mvua. Mvua kubwa za kila kituo unazigawanya kwa wastani wa kituo hicho ili ziweze kulinganishwa, kisha unachora mchirizo mmoja wa ukanda mzima. Kituo cha Bagamoyo kinaazima uzoefu wa Tanga, na Tanga inaazima uzoefu wa Unguja. Njia hii ilianza kutumika katika mafuriko ya mito huko Marekani kabla ya kuenea katika mvua, na kitabu cha Hosking na Wallis cha mwaka 1997 kiliiweka katika utaratibu unaofuatwa leo karibu kila mahali. Wahenga wetu wangeielewa bila shida. Kijiji kinachotaka kujua habari za njaa kuu hakimuulizi mzee mmoja. Huwauliza wazee wa vijiji vyote vya jirani.

Afrika Mashariki ilikwisha kufanyiwa kazi ya namna hii. Mwaka 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, iliyojulikana kwa kifupi kama TRRL, ilichapisha ripoti ya Fiddes, Forsgate na Grigg kuhusu kukadiria mvua za dhoruba katika Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa na ramani ya mvua ya siku moja ya miaka miwili, na uwiano wa kuigeuza kuwa mvua ya miaka kumi au zaidi. Miaka miwili baadaye ukafuata mwongozo wa kukadiria mafuriko ya mito midogo. Kazi hizo zilikuwa nzuri kwa wakati wake, na vizazi vya wahandisi wetu wamesanifu makalvati kwa kuzitegemea.

Lakini tafakari, ndugu msomaji. Takwimu zilizomo katika ramani ile zilikusanywa kabla ya mwaka 1974. Wakati huo kulikuwa na Idara moja ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, idara ile nayo ilivunjika, na kila nchi ikabeba daftari lake. Tulizungumza sana kuhusu mgawanyo wa ndege, mabehewa na meli. Sikumbuki kama tulizungumza kuhusu mgawanyo wa kumbukumbu za mvua. Ilhali mvua haikuwahi kuutambua mpaka wa Namanga wala wa Horohoro. Mvua ya Tanga na mvua ya Mombasa ni ndugu wa tumbo moja. Kuzichambua kando kando ni kujipunguzia ushahidi kwa hiari.

Ukanda wenyewe, hata hivyo, hauna budi kuchaguliwa kwa uangalifu, na hapa hesabu peke yake haitoshi bila jiografia na historia. Pwani ya kaskazini na maeneo yanayoizunguka hupata masika na vuli. Kusini na kati hupata msimu mmoja mrefu. Kuvichanganya vituo vya Dodoma na vya Pemba katika mchirizo mmoja ni kupika pilau ya wali na mchanga. Zaidi ya hayo, mvua kubwa hazitoki katika chanzo kimoja. Tumezoea kusema kwamba vimbunga havifiki kwetu. Historia inakanusha: Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Zanzibar na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash, Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu karibu na Mafia. Kituo chenye rekodi ya miaka 30 iliyokosa kimbunga hata kimoja kitatoa makadirio yasiyojua kwamba vimbunga vipo. Anayekumbuka mwaka 1872 amebeba takwimu ambayo kompyuta haina.

Utafiti wa karibuni unatutaka tuwe waangalifu zaidi. Mwaka 2013 Papalexiou na Koutsoyiannis walichapisha uchambuzi wa rekodi zaidi ya 15,000 za mvua za kila siku kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Waligundua kwamba kwa sehemu kubwa mvua adimu hupungua polepole kuliko kanuni iliyozoeleka inavyodai. Kwa lugha nyepesi, mvua kubwa mno si adimu kama tulivyofundishwa, na rekodi fupi huelekea kuuficha ukweli huo. Kosa letu, basi, lina mwelekeo. Haliko sawa pande zote mbili. Linaelemea upande wa kudharau hatari.

Yapo pia makosa ya kimantiki katika kuitazama nchi nzima. Tuseme kuna miji 20 iliyo mbali mbali kiasi kwamba mvua ya mmoja haihusiani na ya mwingine, na kila mmoja umejengwa kwa mvua ya miaka mia moja. Uwezekano wa angalau mji mmoja kuzidiwa katika mwaka wowote ni asilimia 18. Hiyo ni takriban mara moja kila miaka mitano au sita. Kwa mkazi wa mji mmoja tukio ni adimu. Kwa Waziri Mkuu ni jambo la kila kipindi cha uchaguzi. Taifa linaloshangaa kila baada ya miaka mitano kwa jambo linalotarajiwa kila baada ya miaka mitano lina upungufu wa mipango, wala halina upungufu wa bahati.

Ile kanuni iliyozoeleka niliyoitaja ina jina la mtu, na historia yake ina funzo kwa wanaharakati na wanazuoni wanaosoma ukurasa huu. Emil Julius Gumbel alizaliwa Munich mwaka 1891. Kabla ya kujulikana kwa hesabu za mafuriko, alijulikana kwa kuhesabu mauaji. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kilichoorodhesha mauaji ya kisiasa nchini Ujerumani tangu kumalizika kwa vita: 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia na 22 yaliyofanywa na wa mrengo wa kushoto. Kisha akaonyesha kwa takwimu jinsi mahakama zilivyowapa adhabu kali wa kushoto na kuwaachia wa kulia. Hakutoa hotuba ndefu. Alipanga safu za namba. Kwa msimamo wake alinyang'anywa haki ya kufundisha Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1932, akakimbilia Ufaransa, kisha Marekani, na huko mwaka 1958 akachapisha kitabu chake kikubwa kuhusu takwimu za matukio yaliyopita kiasi.

Sisemi kwamba kila mwanatakwimu awe mwanasiasa. Nasema kwamba mtu yule aliona jambo ambalo vyuo vyetu hulisahau: kuhesabu kwa uaminifu kile ambacho wakubwa hukiita bahati mbaya ni tendo la kiraia. Aliyehesabu mauaji na aliyehesabu mafuriko alikuwa mtu yule yule, na katika kazi zote mbili alikataa kuipokea sentensi ya "hakuna aliyejua".

Turudi nyumbani, kwa mama lishe wa Jangwani na fundi seremala wa Mkwajuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba katika bonde la Msimbazi zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingi zikabomolewa. Sitetei ujenzi katika njia ya maji. Naomba tu tuitazame namba yenyewe. Mita 60 ni zile zile kwa mto wa mlimani wenye kingo za mwinuko mkali na kwa bonde tambarare ambalo maji husambaa mamia ya mita. Namba hiyo haina mvua ndani yake. Mahali pengine inamwondoa mtu asiye katika hatari. Mahali pengine inamwacha mtu aliye katika hatari akidhani yuko salama kwa kuwa yuko mita 70.

Na katika bonde lilo hilo la Jangwani palijengwa kituo cha mabasi yaendayo haraka, ambacho maji yamekivamia mara kadhaa. Mwananchi aliyechorewa X ana haki ya kuuliza: kanuni ipi ya mvua ilimhukumu yeye na kukiruhusu kituo kile? Kama bonde ni la hatari, ni la hatari kwa wote. Kama kuna makadirio yaliyoonyesha kwamba kituo kingeweza kusimama pale, yachapishwe tuyasome. Kinacholeta uchungu kwa watu wetu si kuhamishwa peke yake. Ni kuona kwamba namba hutumika kama fimbo kwa mnyonge na kama mwavuli kwa mwenye nguvu.

Nazijua hoja zitakazotolewa dhidi yangu, na zina uzito. Ya kwanza ni ya fedha. Watasema nchi yetu haiwezi kujenga kila mtaro kwa mvua ya miaka mia moja. Nakubali. Hakuna nchi inayofanya hivyo, hata zile tajiri. Mtaro wa mtaani unaweza kusanifiwa kwa miaka mitano, kalvati kwa miaka 10 au 25, daraja kubwa kwa miaka 100, na bwawa kwa miaka mingi zaidi, kwa kuwa madhara ya kushindwa hayalingani. Lakini kuchagua miaka mitano kwa mtaa fulani ni kuwaambia wakazi wake: tumekubali kwamba mtafurika. Pengine ni uamuzi sahihi. Utamkwe basi, uandikwe katika mpango wa mtaa, na mkutano wa hadhara upewe nafasi ya kuuliza kwa nini Masaki imepewa miaka mingi na Tandale michache, kama ndivyo ilivyo. Umaskini unaweza kuhalalisha kipimo kidogo. Hauwezi kuhalalisha siri.

Hoja ya pili inatoka kwa vijana wa mazingira: kwamba mabadiliko ya tabianchi yamezifanya rekodi za zamani kuwa takataka. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, hivyo mvua kubwa zinaelekea kuwa kubwa zaidi. Ni kweli. Lakini hitimisho lao silikubali. Usipojua mvua ilikuwaje, huwezi kujua imebadilikaje. Rekodi za kale ndizo mizani ambayo juu yake tunapima ongezeko. Isitoshe, tabianchi imeanza kuwa kisingizio kipya kizuri kuliko kile cha zamani. Zamani walisema ni Mungu. Leo wanasema ni nchi tajiri. Nchi tajiri zina deni kwetu, na tulidai. Hata hivyo si nchi tajiri zilizoruhusu mitaro yetu izibwe kwa plastiki, wala si zilizozificha takwimu zetu kabatini.

Hoja ya tatu ni ya wataalamu wenzangu: kwamba umma hauelewi mipaka ya makadirio, ukiwaambia "kati ya 105 na 161" watachanganyikiwa. Hoja hii naiona kuwa dharau. Mkulima wa Kilosa hupanda huku akijua kwamba mvua inaweza kuja mapema, kuchelewa, au kutokuja. Mvuvi wa Kilwa huingia baharini akiwa na makadirio kichwani na mipaka ya makadirio hayo. Watu wetu wameishi na shaka kuliko sisi wa ofisini. Wanachoshindwa kuvumilia ni kuambiwa kwa uhakika jambo ambalo halikuwa na uhakika.

Nini kifanyike? Kwanza, rekodi za mvua za kila siku zifunguliwe. Zilikusanywa kwa kodi ya wananchi, na nyingine kwa mikono ya walimu, wamisionari na mabwana shamba waliomwaga kipimamvua kila asubuhi saa tatu bila malipo ya maana. Katika nchi nyingi za Afrika mtafiti hulazimika kununua takwimu hizi, na mwanafunzi asiye na fedha hugeukia makadirio ya setelaiti ambayo mara nyingi hushindwa kuziona vizuri mvua kubwa za pwani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha sera ya pamoja ya kubadilishana takwimu mwaka 2021. Ipo nafasi ya kwenda mbali kuliko sera hiyo inavyolazimisha. Na karatasi za zamani zipigwe picha na kuingizwa katika kompyuta kabla mchwa hawajamaliza kazi yao.

Pili, ramani ya mvua adimu ya Afrika Mashariki itengenezwe upya, na nchi zote za Jumuiya kwa pamoja, kwa rekodi zote zilizopo hadi leo, na irudiwe kila baada ya miaka kumi. Jumuiya iliyofufuliwa inaweza kujadili sarafu moja kwa miongo kadhaa. Mchirizo mmoja wa mvua hauhitaji kura ya maoni. Tatu, kila mradi wa umma unaohusu maji utangaze mambo matatu katika ubao wa mradi, pale pale panapoandikwa jina la mkandarasi: umesanifiwa kwa mvua ya miaka mingapi, ni milimita ngapi, na makadirio hayo yana mipaka gani. Nne, kila baada ya mafuriko ichapishwe taarifa inayolinganisha mvua iliyonyesha na ile iliyosanifiwa. Mvua ikiwa chini ya kiwango na daraja limeanguka, tutajua kwamba tatizo ni ujenzi au matengenezo. Ikiwa juu, tutajua kwamba ni kiwango. Leo hatujui, na kutojua huko kuna wanaonufaika nako.

Kwa mwanafunzi nasema: achana na tasnifu ya kumi na tano kuhusu "mtazamo wa wananchi juu ya mafuriko", nenda ukatafute daftari la kituo cha wilaya yako, ulinakili, ulichambue. Kwa mwanaharakati nasema: siku nyumba zikichorwa X, usiishie kulilia huruma, dai hesabu iliyochora mstari ule. Kwa mtumishi wa umma, hasa yule kijana wa idara ya uhandisi anayeombwa apunguze namba ili mradi utoshe katika bajeti, nasema: andika namba yako na mipaka yake, uisaini, na uweke nakala. Pengine hutasikilizwa mwaka huu. Lakini siku mvua itakaponyesha na mkubwa atakaposimama mbele ya kamera kusema kwamba haijapata kutokea, kutakuwa na karatasi moja yenye tarehe, inayoonyesha kwamba ilihesabiwa, ilijulikana, na ilikuwa ndani ya mipaka.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Dalili ya mafuriko ni daftari ambalo hakuna aliyelifungua.